Viungo Taka Vinavyoelekea Tovuti Yako: Kipi Ununue, Kipi Uache

Unafungua ripoti ya viungo, yaani linki za tovuti nyingine zinazoelekea kwako, na kukuta tovuti mia tatu za kamari na vidonge vya nguvu za kiume zimeweka viungo vya kuja kwako. Lazima ushtuke. Lakini kabla hujatoa kadi ya benki, jua kwamba wauzaji wa huduma za "kusafisha viungo" wanakula kwa mshtuko huohuo.

Hofu hii haikuzuka hivihivi. Aprili 2012 Google ilileta Penguin, badiliko la mfumo wake wa utafutaji lililolenga viungo vya hila, na tovuti nyingi zilizokuwa zimejipandisha kwa viungo vya kununua zikaporomoka. Oktoba mwaka huohuo ikatoa zana ya kukana viungo, yaani kuiambia Google isivihesabu. Ila tangu Septemba 2016 Penguin imo ndani ya mfumo mkuu wa utafutaji, na kiungo taka kwa kawaida hupuuzwa tu. Kwa hiyo mengi yanayouzwa leo ni dawa ya ugonjwa wa 2012.

Naanza na chaguo ninalolipa nafasi ya kwanza: Google Search Console, zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake kwenye utafutaji, na ni bure. Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaoonyesha adhabu zilizotolewa na wakaguzi wa Google, yaani binadamu. Kama hakuna kitu hapo, na hujawahi kununua viungo wala kumlipa mtu akununulie, kazi yako imeisha. Kama kuna adhabu ya viungo visivyo vya asili, hapo ndipo zana ya kukana ina maana. Unaandaa faili la maandishi matupu, kila tovuti mstari wake, hivi: domain:example.com. Mstari unaoanza na alama ya # ni maelezo yako mwenyewe. Mwisho ni mistari 100,000 au MB 2. Angalizo linalowaponza wengi: faili jipya hulifuta la zamani, haliongezwi juu yake. Kwa hiyo tunza nakala.

Nafasi ya pili naipa Ahrefs Webmaster Tools, zana ya kukagua viungo, nayo ni bure kwa tovuti uliyothibitisha kuwa ni yako. Ina faida hasa unapotaka kuona maneno yaliyotumika kwenye viungo.

Za kulipia, kama Semrush na Majestic, zinakuja ya tatu. Ukiwa na adhabu na maelfu ya viungo vya kupitia, lipia mwezi mmoja, pakua orodha, kisha usitishe. Usilipie kwa sababu ya alama ya "sumu", yaani namba inayodai kuonyesha ubaya wa kiungo. Alama hiyo inakokotolewa na kampuni ya zana yenyewe, Google haiitumii. Mimi niliwahi kukana kila kilichopakwa rangi nyekundu bila kukikagua. Wiki kadhaa baadaye napitia faili, nakuta humo tovuti ya chama cha wataalamu iliyokuwa ikiniletea wasomaji halisi. Nilijichoma mwenyewe.

Ya nne ni mtaalamu wa kazi ya mara moja, tena ukiwa na adhabu mkononi tu. Mwombe aeleze kila tovuti anaikana kwa nini, na akuandalie ombi la kufikiriwa upya, yaani la kuiomba Google iondoe adhabu, likitaja viungo alivyofanikiwa kuviondoa, maana Google hutaka kwanza ujaribu kuviondoa ndipo ukane. Akikuahidi kurudi nafasi ya kwanza, mwache aende.

Mkiani kabisa, na hii usinunue: usajili wa kila mwezi wa "ulinzi wa viungo". Unalipa ili mtu akane vitu ambavyo tayari vinapuuzwa. Mbaya zaidi ni kifurushi kinachoahidi kuzima viungo vibaya kwa kukununulia "vizuri". Hivyo ndivyo adhabu inavyoanza.

Pesa ikibaki, ipeleke kwenye usalama wa tovuti yenyewe. Viungo taka vilivyopandikizwa na mdukuzi ndani ya kurasa zako ni tatizo jingine kabisa, na faili la kukana halivigusi.