Baiodaijesta za plastiki Mwanza: tangi zuri, ahadi imezidi

Matangi haya ya kuchakata majitaka ya choo yanauzwa kwa maneno mawili: halijai, halinyonywi. Tangi lenyewe tunalikubali. Linabebeka hadi mlimani ambako lori halifiki, halivuji kama karo la tofali lililopigwa plasta nyembamba, na bakteria hupunguza kinyesi hadi kubaki tope kidogo. Lakini maji hayameng'enywi. Familia ya watu sita ikitumia lita 80 kila mmoja kwa siku, lita 480 zinaingia tangini na lita 480 zinatoka kwenda kwenye shimo la kunyonyea, ambamo maji huzama ardhini. Kujaa au kutojaa kunaamuliwa na udongo wa shimo hilo, na hilo ndilo swali ambalo muuzaji haulizi. Shimo analokupimia ni lilelile, uwe umejenga kwenye kichanga au kwenye udongo mweusi wa mbugani.

Kwenye luseni, ule udongo wa kichanga uliotokana na mawe ya granaiti, mfumo huu ununue bila wasiwasi. Kichanga laini hupokea takribani lita 33 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya ukuta wa shimo (sakafu usiihesabu, huzibwa na tope mapema). Kwa lita 480 unahitaji kama mita za mraba 15: shimo la upana wa mita 1.5, lenye kina cha mita 3 na ushee chini ya bomba la kuingilia. Kuta zake zijengwe kwa mawe yasiyounganishwa kwa saruji, la sivyo mchanga utaporomoka masika ya kwanza. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka hapo, kwa sababu udongo unaopitisha maji haraka hupitisha na vijidudu.

Mbugani mambo ni mengine kabisa. Udongo mweusi unaovimba hupokea chini ya lita 10, kwa hiyo shimo la upana uleule lingetakiwa lizidi mita 10 kwenda chini. Hakuna anayechimba hivyo. Ubaya ni kwamba ukiupima Septemba utakudanganya: una nyufa za kuingiza kiganja, unamwaga ndoo nzima na maji yanapotea papo hapo. Mvua za Novemba zikishaingia, udongo unavimba, nyufa zinafunga kama unga uliokandwa, na maji ya choo yanarudi bafuni.

Kwa hiyo pima hivi. Chimba hadi kina cha shimo lenyewe, kisha chini kabisa fungua kishimo cha sentimita 30 kwa 30. Kijaze maji jioni na uache yanywewe usiku kucha. Kwenye mbuga endelea kujaza hata siku mbili, mpaka nyufa zifunge. Kisha weka maji ya kina cha sentimita 15, simamisha rula, na hesabu dakika za kushuka sentimita 2.5. Kati ya dakika 5 na 30 ni pazuri. Zikizidi 60, shimo la kunyonyea lisahau: tandika kitanda cha mchanga kilichoinuliwa juu ya ardhi na upande migomba pembeni, au jenga karo lisilovuja na ukubali gharama ya gari la kunyonya. Maji yanayotoka tangini usimwagilie mchicha wala nyanya.

Mbuga pia husukuma tangi wakati nyumba imetulia, na bomba la inchi nne hukatika pale pale kwenye kiungio. Weka kiungio cha mpira, si gundi peke yake. Shimo likiwa karibu na msingi, upande mmoja wa nyumba hulowa na kuvimba, na ufa wa mshazari unatokea kwenye kona ya dirisha. Tenga mita 5 au zaidi.

Milimani kama Isamilo na Mabatini udongo ni haba juu ya mwamba. Maji ya shimo huteleza juu ya jiwe na kuchomoza uani kwa jirani wa chini. Panapopita bomba la majitaka la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, unga huko, pesa ya tangi ibaki mfukoni.

Ufukweni tahadhari ni kuelea. Ziwa lilipanda sana 2020 na tena 2024, na maji ya ardhini hupanda nalo. Tangi tupu la lita 1,000 likizamishwa na maji hayo husukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani moja, na uzito wake ni makumi ya kilo tu. Lijaze maji wakati wa kufukia, lifungie kwenye zege la kama mita 0.7 za ujazo, na mwambie fundi aandike kiasi hicho cha zege kwenye makubaliano kabla hujalipa.