TAHADHARI: Wanawawinda wastaafu wenye kiinua mgongo mkononi

Ndugu zangu, kama una mzazi, mjomba au shangazi aliyestaafu karibuni, au wewe mwenyewe unasubiri mafao, naomba usome hadi mwisho. Baba yangu ametapeliwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, na waliomtapeli bado wako kazini.

Walimpigia wiki ya tatu baada ya fedha kuingia benki. Adabu tele, "shikamoo mzee wetu", na walijua jina lake kamili na idara aliyostaafia. Wakamwambia fedha ikilala benki italiwa na mfumuko wa bei. Hilo lina ukweli, ndiyo maana akawasikiliza. Aiweke kwao, atapata faida ya asilimia 10 kila mwezi, bila hatari yoyote. Mkataba ulijaa mihuri.

Miezi 3 ya mwanzo alilipwa bila kucheleweshwa hata siku moja. Akaongeza fedha, akawavuta na wenzake wawili waliostaafu pamoja naye, jambo linalomuumiza kuliko hasara yake mwenyewe. Mwezi wa nne, mtandao unasumbua. Wa tano, kuna kodi ilipwe kwanza ndipo fedha zifunguliwe. Akaituma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Tangu hapo hawapatikani.

Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu. Katika kila mia aliyowapa mwanzo, malipo ya miezi 3 ni thelathini. Walikuwa wanamrudishia fedha yake mwenyewe kidogo kidogo, huku sabini wamezikalia. Wangeweza kumlipa hivyo miezi 10 bila kufanya biashara yoyote! Na faida hiyo ukiiacha izaliane, mtaji unazidi mara 3 kwa mwaka. Mwenye biashara ya namna hiyo angehangaika na akiba za wazee kwa sababu gani?

Mchezo ni wa zamani. Mwaka 1920 kule Boston, Charles Ponzi aliahidi asilimia 50 ndani ya siku 45, akiwalipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata. Bernard Madoff, tapeli mwingine wa Marekani aliyekamatwa 2008, hakuahidi makubwa hivyo. Yake ilikuwa faida ya kiasi isiyoyumba mwaka hadi mwaka, na wastaafu wengi walipoteza akiba zao kwake. Kwa hiyo hata asilimia ndogo, ikiwa haishuki kamwe, itilie shaka.

Kabla mzee hajatoa chochote, ulizeni leseni yao kwa mamlaka inayosimamia uwekezaji, na namba ya mamlaka hiyo itafuteni wenyewe, msitumie waliyowapa wao. Na tafadhali msiwagombeze wazee. Baba alituficha miezi miwili kwa aibu, na katika miezi hiyo ndipo alipotuma ile "kodi".

Walioibiwa tayari, simu ya pili inakuja. Wiki iliyopita alipiga mtu anayejiita wakili, anajua hadi kiasi kilichopotea, anasema atakirudisha chote akitumiwa kwanza gharama za kufungua jalada. Nilipoingia sebuleni baba alikuwa ameshashika kalamu, anaandika namba ya akaunti.