Milimita 50 au 52? Uzoefu wangu na hambaka mpya kwenye gitaa la solo

Pikapu ya nyuma ya gitaa langu la umeme, yaani kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi, ilikata kauli mazoezini, siku nne kabla ya harusi ya watu Chumbageni, hapa Tanga. Nikigeuza swichi kwenda shingoni, sauti ipo. Nikiirudisha nyuma, darajani, pale nyuzi zinapoegemea karibu na mkono unaopiga, kimya. Gitaa lenyewe lina umbo la Stratocaster ya Fender ila limefungwa hambaka mbili, yaani pikapu za koili mbilimbili. Nililinunua mkononi kwa jamaa aliyekuwa akikaa Raskazone, hatua chache kutoka baharini, na chumvi ya kule haichagui chuma. Siku naletewa, skrubu zake zilikuwa zimeshaota kutu.

Nikalibeba hadi Ngamiani, Barabara ya 12, kwa mzee anayetengeneza redio na amplifaya za bendi tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Limefanya nini?"

Kabla sijamaliza kueleza alishafungua kava na kugusisha mita kwenye nyaya. Pikapu ya shingoni ilisoma ukinzani wa kiloomu 7 na ushei. Ya darajani mita haikusoma kitu. "Koili imekatika ndani," akasema. "Kusuka upya naweza, lakini waya wenyewe sina." Akanionyesha ncha iliyochomoza: waya wa shaba wenye unene wa kama milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele. Ukiupumulia unatikisika.

Harusi ile nilipiga kwa pikapu ya shingoni peke yake, na solo zangu zote zikatoka nzito kama besi. Kesho yake nikaagiza seti mpya mtandaoni: hambaka mbili zenye sumaku ya aina ya Alniko 5, hazina jina la kampuni yenye sifa, shilingi 85,000 pamoja na nauli ya basi. Tangazo liliandika wazi kwamba ya shingoni ni milimita 50 na ya darajani ni 52. Siku ya tatu mzigo ukafika stendi ya Kange. Nilipofungua boksi na kuweka rula ya chuma, kutoka katikati ya nguzo ya kwanza hadi katikati ya nguzo ya sita, zote mbili zilikuwa 50.

Kwa asiyejua, namba hiyo inahusu nini? Hambaka ina koili mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Juu ya kila koili kuna nguzo sita za chuma, moja kwa kila uzi. Kwa kawaida upande mmoja ni skrubu zinazopanda na kushuka, upande mwingine ni pini zilizokaa. Chini katikati imelazwa sumaku ya mche inayozilisha nguzo zote. Koili hizo zimepangwa kinyume, kwa mwelekeo wa umeme na kwa ncha za sumaku, ili mvumo wa nje ujifute huku sauti ya uzi ikijumlishwa. Aliyeibuni pale kwenye kampuni ya magitaa ya Gibson ni Seth Lover; hataza iliombwa mwaka 1955 ikatolewa 1959. Chumba chetu cha mazoezi kina taa za mirija na umeme wa hezi 50, kwa hiyo ubunifu wa yule bwana nauheshimu kila Jumatano jioni.

Sasa, madaraja ya Gibson huziweka nyuzi karibukaribu, na hambaka za asili zikakatwa kufuata upana huo: milimita 49 hadi 50 hivi. Madaraja ya aina ya Fender na yale ya Floyd Rose ni mapana zaidi. Ndiyo maana watengenezaji wa pikapu Seymour Duncan wanatengeneza Trembucker yenye milimita 52.6, na DiMarzio wana F-spaced yenye 51. Kabla hizo hazijazoeleka, mpiga gitaa la roki Eddie Van Halen alichukua hambaka ya Gibson akaipachika mshazari kwenye gitaa lenye umbo la Stratocaster, nguzo zikaweza kuzifuata nyuzi.

Nikapima gitaa langu. Kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kichwani mwa shingo, kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita ni milimita 36. Kwenye daraja ni 54. Nyuzi zinatanuka njiani kama barabara inayoingia mjini, kwa hiyo juu ya pikapu ya shingoni upana ni karibu 50, na juu ya pikapu ya nyuma ni karibu 53. Yaani ile ya 50 shingoni inakaa kama imezaliwa pale, lakini darajani uzi wa kwanza unapita nje ya nguzo yake kwa milimita 1 na nusu, na wa sita vivyo hivyo. Ukiinama juu ya gitaa unaliona hilo bila rula.

Nikampigia muuzaji, nikamtumia picha yenye rula. Akakubali kosa na kuahidi kuleta ya 52, ila nauli ya pili nilipe mimi. Nikalipa. Bado linaniuma.

Wakati nasubiri, mzee akanifungia ile ya 50. Sauti ikarudi, nene na tulivu, isipokuwa uzi wa kwanza. Ulikuwa mnyonge. Kwa mtu wa Tanga hilo si jambo dogo. Mji huu umelea bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na taarabu ya hapa iliingiza gitaa la umeme mapema. Solo tuliyorithi inacheza juu, kwenye uzi wa kwanza na wa pili, ikizunguka na kujibizana na mwimbaji. Uzi wa kwanza ukififia, wimbo umepoteza ulimi. Nikawa na uhakika kwamba ni ile milimita 1 na nusu.

Mzee hakukubali. Alichukua bisibisi, akashika kipande chembamba cha chuma alichokikata kwenye blade ya msumeno, akakipitisha juu ya uzi wa kwanza, polepole, kutoka nguzo ya kwanza kwenda ya pili. Kilivutwa safari nzima. Hakuna mahali kilipoachiwa. "Unaona? Sumaku haiko kwenye tundu la sindano," akasema. "Imetanda. Uzi wako umo ndani yake. Ila umeuacha mbali." Nilibonyeza nyuzi kwenye fireti ya mwisho, ule ukingo wa chuma mwishoni mwa shingo, tukapima umbali wa nyuzi hadi nguzo: chini ya uzi wa kwanza kulikuwa na milimita 4, chini ya wa sita 2 na nusu. Skrubu moja ya pembeni ilikuwa imeshikwa na kutu, pikapu imeinama.

Tukabadilisha skrubu, tukapandisha upande ule hadi milimita 2, kisha akazungusha skrubu ya nguzo ya kwanza nusu duara juu. Nikapiga. Uzi wa kwanza ulitoka mbele kama mtu aliyevua barakoa. Nilijaribu kupandisha zaidi, hadi chini ya milimita moja, na hapo pakaharibika: sumaku inauvuta uzi, noti haidumu, na ukipiga juu kabisa karibu na mwisho wa shingo sauti inayumba kama zimegongana mbili. Tukarudi kwenye 2.

Wiki tatu baadaye ya 52 ikafika. Siku moja kabla ya kuifunga nilirekodi kwa simu kipande kifupi kwa ile ya 50. Baada ya kubadilisha nikarekodi kipande kilekile, amplifaya ileile, urefu uleule wa milimita 2, bila kugusa nobu hata moja. Dada yetu wa kinanda ndiye mwenye sikio kuliko wote kwenye bendi. Nikamgeuzia mgongo simu, nikamchezea mara sita kwa kuchanganya. Mara tatu alipata, mara tatu alikosa. Mimi mwenyewe nadhani nasikia tofauti nikipinda uzi wa kwanza kwenda juu: kwenye ya 50 uzi ulikuwa unaingia juu ya nguzo kadiri ninavyoupinda, na noti inanenepa kidogo, kwenye ya 52 inabaki sawa. Kidogo sana. Kwenye harusi yenye vigelegele hakuna atakayeijua.

Pale ambapo milimita hizo mbili zilinigomea kabisa ni kwenye umbo. Pikapu yangu ya zamani ilikuwa na kava la nikeli lililobaki zuri, nikataka kulihamishia kwenye mpya. Matundu ya kava ni ya 50. Skrubu za 52 hazipiti, mbili za pembeni zinagonga chuma. Hapo hakuna kukisia wala kulazimisha. Ukipanua tundu kwa tupa nikeli inabanduka na kutu inakaribishwa. Fremu ya plastiki ya kushikilia haikuleta shida, zote mbili ziliingia. Jambo jingine ni nyaya. Hambaka hizi zina nyaya nne na moja ya ethi, na rangi zake kila mtengenezaji ana mpango wake. Tulifuata mchoro wa kampuni nyingine, na swichi ilipokaa katikati sauti ya pikapu mbili ikawa nyembamba, imepwaya, kama inatoka kwenye redio ya simu. Mzee akabadilishana nyaya mbili, akachomelea risasi upya, ikanona.

Kwa bidhaa yenyewe natoa nyota 4 kati ya 5. Koili zimekaa vizuri, mvumo umekufa, na ya darajani ina ukali ninaoutaka bila kukwaruza sikio. Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya tangazo lisilolingana na mzigo. Anayetaka kununua aombe picha ya pikapu ikiwa na rula juu yake, nguzo ya kwanza hadi ya sita, na apime nyuzi zake juu ya pikapu, asipime kwenye daraja. Gitaa likiwa na kava za chuma, asikubali hata nusu milimita. Likiwa wazi kama langu, kwanza ashike bisibisi apime urefu.

Ile ya 50 iliyobaki, muuzaji hakuitaka tena. Nimempa mpiga rithimu wetu, mwenye gitaa la umbo la Les Paul na daraja jembamba. Tuliifunga Jumapili mchana pale pale Barabara ya 12. Nyuzi zote sita zimepita katikati ya nguzo, na lile kava la nikeli limeingia bila kugusa tupa.