Zinki salfeti ya kuelesha mayai ya minyoo: inafaa, ila usiitumie bila haidromita

Kwa maabara inayopima choo, fuwele hizi nyeupe zinafaa kununuliwa. Yeyusha gramu 330 katika mililita 670 za maji yaliyotoneshwa, kisha pima kwa haidromita (kifaa cha kupima msongamano wa kimiminika): usomaji uwe 1.18 kwa choo kibichi, au 1.20 kwa kilichohifadhiwa kwenye fomalini. Usiamini mizani peke yake. Fuwele zikikaa wazi hubadilisha kiasi cha maji yake, na vipimo vile vile vya gramu vinatoa mmumunyo tofauti. Ukiwa mwepesi, mayai hayapandi. Ukiwa mzito, uchafu nao unaelea na vifuko vya jiadia (kimelea cha utumbo) vinasinyaa upesi.

Ikiwa na kipimo sahihi, zinki salfeti huishinda chumvi ya mezani katika kutunza umbo la vifuko, ambayo ni rahisi kupatikana lakini huvikunja vifuko hivyo hadi visitambulike. Mayai ya safura yanaelea vizuri, na ya askaris (minyoo mviringo ya utumbo) yaliyorutubishwa pia.

Udhaifu wake ni mkubwa, na lebo ya chupa haiutaji: mayai ya kichocho na yale yenye kifuniko hayaelei vya kutosha, wala ya askaris yasiyorutubishwa. Kwa hiyo chunguza na mashapo ya chini pia, la sivyo utaandika "hakuna minyoo" kwa mgonjwa mwenye kichocho.

Ukishachukua utando wa juu, weka kwenye hadubini mara moja. Ukichelewa zaidi ya dakika 20 hivi, maumbo huanza kuharibika.

Funga chupa kwa nguvu, na upime tena mmumunyo kwa haidromita kila wiki.