Sanduku la vifaa aliloacha fundi: mapitio ya droo kwa droo

Sanduku hili lisiuzwe kwa kilo, wala lisigawanywe ovyo. Hiyo ndiyo hukumu yetu baada ya kulikagua lote, kuanzia droo ya soketi hadi jeki iliyoegemezwa pembeni. Mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Alikuwa fundi magari, mtu wa vicheko na utani usiokwisha, baba ambaye wanawe walizijua namba za spana kabla hawajamaliza kujifunza jedwali la kuzidisha. Sasa mjane na watoto wanataka kujua kipi bado kinafaa kazi, kipi kitengenezwe, na kipi kitamuumiza mtu akikishika bila kujua.

Tuanze na soketi, maana ndiko tabia yake inakoonekana wazi. Nyingi ni za milimita, za pembe sita, kwa racheti (mipini ya kukazia yenye meno ndani) za robo inchi, 3/8 na nusu inchi. Kuchagua pembe sita badala ya kumi na mbili ni uamuzi wa mtu aliyepambana sana na bolti zenye kutu. Soketi ya pembe sita inasukuma ubapa wa nati. Ya pembe kumi na mbili inashika karibu na kona, na nati ikiwa imeshalika, kona hizo huisha kwa mvuto mmoja. Namba 10, ile inayopotea kila gereji, zimo tano. Kila moja imepakwa rangi ya kucha tofauti, moja ya mkewe na nne za watoto, na kwenye tundu la sita lililo tupu amebandika kikaratasi: "Huyu amesafiri. Akirudi mwambieni baba anamtafuta." Kikaratasi hicho kibaki hapo hapo.

Seti ya inchi ameitenga kwenye droo yake, na isichanganywe na ya milimita. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo inabadilishana na 19 bila madhara. Nusu inchi ni 12.7, bolti yake ukiivika soketi ya 13 inacheza kwa milimita 0.3, na mchezo mdogo kama huo ndio unaoviringisha vichwa vya bolti.

Soketi zinazong'aa ni za mkono tu. Kwa mashine ya upepo kuna zile nyeusi zenye kuta nene, ambazo kwa kawaida ni za chuma cha kromu na molibdeni kinachovumilia kugongwagongwa. Zinazong'aa zikifungwa kwenye mashine zinaweza kupasuka na kurusha vipande. Mbili kati ya hizo, 17 na 19, zina ufa mwembamba kama unywele unaoanzia kwenye kona ya tundu la mraba. Ufa huo hauonekani mpaka uifute soketi kwa petroli na kuigeuza kwenye mwanga. Zitupwe, hata kama zilikuwa zake.

Racheti ya nusu inchi inateleza. Isitupwe bado. Ifunguliwe kwa nyuma, ioshwe kwa mafuta ya taa, kisha itiwe mafuta mepesi badala ya grisi nzito. Grisi nzito inachelewesha kile kikucha cha ndani kurudi kwenye meno, na racheti inaruka ukiwa umeilalia kwa nguvu zote. Vidole vingi vimechubuka kwa sababu hiyo. Ikiwa meno yenyewe yamelika, hapo ndipo pa kununua nyingine.

Kifaa chenye thamani kuliko vyote humo ni spana ya toki, yaani ya kupimia nguvu ya kukaza bolti, ya kubofya, yenye kipimo cha niutoni-mita 40 hadi 200. Tuliikuta imelegezwa hadi alama ya chini kabisa, na haikupita hapo. Ndivyo inavyotakiwa kuhifadhiwa. Springi ikiachwa imebanwa kwa miezi inachoka na spana inaanza kusema uongo. Ikilegezwa kupita alama ya mwisho, vipande vya ndani vinaweza kuachana. Kwa kuwa imelala muda bila kazi, isiguse hedi ya silinda kabla ya kupimwa upya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinaweka muda wa kawaida wa kuipima kuwa miezi 12 au mibofyo 5,000, na spana ya ukubwa huu inaruhusiwa kukosea asilimia 4 tu, juu au chini.

Atakayeirithi ajue matumizi yake. Ishikwe kwenye mpini wake na ivutwe taratibu, bila kushtua, na ikilia "tak" mara ya kwanza mkono usimame. Kosa la kawaida ni kuvuta tena mara ya pili na ya tatu kwa kisingizio cha kuhakikisha. Kila mvuto baada ya mlio unaweza kuongeza mkazo. Nyuzi za bolti za magurudumu zibaki safi na kavu, isipokuwa kitabu cha gari kimesema vinginevyo, kwa sababu mafuta hupunguza msuguano na bolti huvutika kupita kiasi ingawa kipimo kinasoma vile vile. Wala spana hii isitumike kufungulia nati. Kuna bomba refu na mpini wa kawaida kwa kazi hiyo, na vyote viko droo ya chini.

Magari mengi madogo yanataka nati za magurudumu zikazwe kati ya niutoni-mita 90 na 120, kwa kuruka kutoka nati moja hadi inayoikabili, kisha zikaguliwe tena gari likishatembea kilomita 50 hadi 100. Marehemu alikuwa na hatua moja zaidi ambayo mafundi wengi hawaifanyi. Akishamaliza kukaza alichora mstari mwembamba wa rangi ya kucha, kuanzia ubavuni mwa nati hadi kwenye rimu. Nati ikihama hata kidogo mstari unakatika, na dereva anaona mwenyewe bila kushika spana. Ndiyo maana humo droo ya toki kuna vichupa vinne vya rangi ya kucha, na ndiyo maana gari lililopita mikononi mwake lilijulikana kwa wekundu wa mama watoto wake. Vichupa viwili vimekauka. Rangi yoyote nyangavu itafaa, ilimradi chuma kifutwe mafuta kwanza.

Jeki ya magurudumu ya tani 2 ndiyo inayohitaji uangalifu kuliko vyote. Inapanda vizuri, lakini ikibeba gari inashuka kidogo kidogo. Kunaweza kuwa na uchafu kwenye kiti cha vali ya kushushia, sili ya pistoni imekwisha, au hewa imeingia kwenye mafuta. Waanze na hewa kwa sababu kuitoa hakuna gharama: vali ifunguliwe, mpini upigwe mara kumi hadi kumi na tano bila mzigo, vali ifungwe, jeki ijaribiwe tena. Mafuta yaongezwe mkono wa jeki ukiwa umeshuka kabisa; ukijaza wakati umepanda, ukishuka mafuta hayana pa kwenda. Yawe mafuta ya hidroliki ya jeki. Mafuta ya breki yanaharibu mpira wa sili zilizotengenezwa kwa mafuta ya madini, na yakishaingia hakuna dawa ila kufungua jeki yote, kuiosha na kubadilisha sili.

Kwenye mpini ameandika kwa rangi nyeupe: "Mimi nanyanyua tu, sishikilii." Alikuwa anachekesha, lakini hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Gari likishapanda, linalalia stendi, na hakuna anayeingia chini kabla ya hapo. Stendi zimo nne. Mbili ni nzima. Ya tatu pini yake imepinda, na ya nne ina ufa kwenye weldi ya mguu, umefichwa na grisi iliyoganda. Zote mbili zivunjwe kabisa zisije zikaokotwa na mtu mwingine. Matofali yasichukue nafasi yake, kwa kuwa tofali huvunjika bila kutoa dalili.

Droo ya umeme inafurahisha. Multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, ni nzima na waya zake hazina mchubuko, ila fyuzi ya upande wa ampea 10 imeungua. Kwa kawaida mtu hupima ampea, akasahau waya mwekundu kwenye tundu hilo, kisha akagusa betri akitaka volti. Hapo amesababisha shoti. Ibadilishwe kwa fyuzi ya kipimo na aina ile ile, wala isizungushiwe waya wa shaba. Kwenye kifuniko kuna namba alizoziandika kwa ajili ya kijana wake, na ni sahihi: betri iliyopumzika na kujaa ni volti 12.6, nusu ni kama 12.2, na injini ikiwaka altaneta itoe kati ya 13.8 na 14.5. Ameongeza chini: "Ikisoma sifuri, washa mita kwanza, mwanangu."

Geji ya kompresheni, ya kupimia mgandamizo ndani ya silinda, ni ya injini za petroli, mwisho wake ni bar 20. Isifungwe kwenye dizeli, ambayo hupita bar 20 kwa urahisi na kuivunja sindano. Kwa petroli, plagi zote zitolewe, mfumo wa mafuta na wa moto uzimwe, kanyagio la mafuta likanyagwe hadi mwisho, kisha stata izungushwe mpaka sindano isipande tena. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, imwagiwe kijiko cha mafuta ya injini na kupimwa tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Ikibaki pale pale, shida iko kwenye vali au gaskiti ya hedi. Mpira wa ncha ya geji umekakamaa na unavujisha, kwa hiyo usibadilishwe baada ya kupima, ubadilishwe kabla, la sivyo injini nzima itahukumiwa kwa kosa la mpira.

Patasi mbili zimechanua vichwa kama uyoga. Zisagwe kingo hizo, maana nyundo ikigonga huruka vipande vya chuma. Nyundo yenyewe ni nzuri. Fila geji, seti ya bapa za kupimia mianya midogo, imeanza kutu kwenye bapa nyembamba za milimita 0.05 na 0.10, bapa yenye kutu haipimi tena, na seti nyingine ndiyo suluhisho. Tepu za kukatia uzi za M8 na M10 bado kali. Zitumike na mafuta, nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili chembe zikatike, kwa sababu tepu ikivunjikia ndani ya tundu ni ngumu mno kutobolewa kwa ncha za kawaida za drili.

Kuna pia kisanduku kidogo cha mbao chenye spana fupi za 8, 10, 12 na 14, bisibisi mbili na glavu za mkono wa mtoto. Spana hizo ni nzima na zina ubora sawa na za mkubwa. Hakuwapa wanawe vya kuchezea, aliwapa vya kazi. Kisitenganishwe.

Mwisho ni daftari lake la vipimo, lenye kurasa zilizolowa oili. Mianya ya plagi imechanganyika na siku za kuzaliwa za watoto, na pembeni mwa kila injini kuna jina la utani alilolipa gari. Zipigwe picha kurasa zote, na kila ukurasa ukaguliwe na mtu anayezijua injini hizo. Namba za zamani za toki ameziandika kwa kilo-mita (kilo za nguvu kwa mita, si kilomita za barabara), kwa hiyo zizidishwe kwa 9.8 kupata niutoni-mita. Bolti za hedi zinazokazwa kwa kuzungushwa nyuzi za pembe (digrii) baada ya toki zifuatwe kwenye kitabu cha mtengenezaji peke yake, na zile zinazotakiwa kutumika mara moja zisirudishwe.