Mimi ni Nani? Tumelinganisha WhatsApp na Telegram kwa kutega watu mashuhuri

Hukumu kwanza. Kama mnataka chemsha bongo ya harakaharaka, nendeni Telegram. Kama mnataka kitendawili chenyewe, mtegaji ajifanye mtu mashuhuri, ajifiche nyuma ya vidokezo na wenzake wamsake, bakini WhatsApp. Boti ya Telegram (programu inayojiendesha yenyewe ndani ya mazungumzo) iitwayo QuizBot hulazimisha majibu ya kuchagua, na majina manne yakishapangwa chini ya swali, hata asiyejua kitu ana nafasi moja kati ya nne.

Kwa kazi yake, lakini, QuizBot ni nzuri. Ni ya bure, inaweka muda kwa kila swali, inachanganya mpangilio wa maswali na kujumlisha alama bila mtu kushika kalamu. Ukishapiga kura hubadilishi. Unaweza pia kuandika maelezo mafupi, yasiyozidi herufi 200, yanayomweleza aliyekosa kwa nini amekosa. Kura ya WhatsApp inapokea hadi majibu 12, ila majina ya waliochagua yanaonekana na kura inabadilishika. Mjanja anangoja aone wenzake wameelemea wapi, kisha anahamia huko. Kwa mchezo huu kura hiyo haifai kabisa.

WhatsApp inang'ara kwenye maandishi ya kawaida. Mtegaji anaandaa vidokezo vitano, kigumu kwanza, chepesi mwisho. Anayepata kwa cha kwanza anachukua pointi 5, cha pili 4, hivyo hivyo hadi 1. Kati ya kidokezo na kidokezo ziachwe sekunde 60. Chini ya hapo mwenye mtandao mzito anaonewa, juu ya hapo watu wanaanza kugugo. Kila mtu ana jibu moja kwa kila kidokezo, na analituma kwa kukinukuu kidokezo husika, ili kusiwe na ubishi alikuwa anajibu kipi. Jina la anayetegwa litumwe mapema kwa refa mmoja, faragha, mtegaji asije akabadilisha mtu katikati.

Mfano: «Nilizaliwa kijijini Unguja. Niliuza vyungu. Nilivuka bahari hadi Bombay kikazi. Sauti yangu ikarudi kwenye santuri. Niliimba taarabu kwa Kiswahili, na jina langu lina neno binti.» Ni Siti binti Saad. Safari hiyo ilikuwa 1928, lakini mwaka usiandikwe: «Bombay» na «1928» vikikaa pamoja kwenye sanduku la kutafutia, jibu linakuja kabla sekunde 60 hazijaisha. Tarehe, jina la tuzo na rekodi ya michezo ndivyo vinavyouza siri haraka. «Nobel ya Amani 2004» si kidokezo, ni kumtaja Wangari Maathai kwa jina.

Kutuma vidokezo kwa sauti kunasaidia, maana ujumbe wa sauti haunakiliki ukabandikwa Google. Tatizo ni aliye kwenye daladala bila spika za masikioni. Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: mwenye bando la WhatsApp tu hana pa kugugo, mwenzake mwenye intaneti kamili anapo. Ulizaneni kabla ya kuanza.

Kosa linaloharibu mizunguko mingi ni kidokezo kinachowafaa watu wawili. Chukua hiki: «Nilizaliwa Zanzibar miaka ya 1940, nikahamia Uingereza miaka ya 1960, na leo dunia inanijua.» Mmoja atasema Freddie Mercury, mwingine Abdulrazak Gurnah, na wote wawili wako sahihi. Kama kidokezo cha kwanza si kibaya, kinawasha ubishi mtamu. Kama ni cha nne, ni dosari. Kabla ya kutega, jaribu kumtafuta mtu mwingine anayeingia kwenye vidokezo vyako vitatu vya mwisho. Ukimpata, badilisha.

Sare nazo zina chanzo chake. Ujumbe wako unakaa mahali pake kwenye simu yako tangu unapoutuma, hata kama bado una tiki moja na haujafika popote. Kwa hiyo wawili wanaweza kuonyeshana picha za skrini, kila mmoja akiwa wa kwanza kwake. Dawa ni kukubaliana kwamba simu ya mtegaji ndiyo hakimu. Jibu lililohaririwa lisihesabiwe: WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, lakini inaacha alama. Telegram inaruhusu hadi saa 48, hivyo huko ubishi unaweza kufufuka kesho yake.

Wakishindwa wote, mtegaji apewe mji kama ilivyo desturi, lakini asipewe pointi. Akipewa, atatega watu wasiojulikana hata na majirani zao. Mpeni pointi 3 pale jibu linapopatikana kwenye kidokezo cha tatu au cha nne, basi. Hapo atajitahidi kupima ugumu.

Wachezaji watano hadi wanane wanatosha. Wakizidi kumi majibu yanamiminika na vidokezo vinapotelea juu, hivyo fungueni kundi la pembeni kwa ajili ya mchezo tu. Simu ya kundi inabeba hadi watu 32, ila humo anayeshinda ni mwenye sauti kubwa na mtandao mzuri. Itumieni baada ya mchezo, kwa kutaniana.