R36S: Chukua Mashine, Rudisha Kadi

Haya wasee, mko aje, leo tuko na hii kitu mmekuwa mkiniitisha kwa komenti kila vidio hata kama vidio ni ya kibodi, R36S, hii gemu ndogo ya mkononi sai imejaa kila duka la simu hapa tao Nairobi, ukipita Luthuli wameipanga kwa kioo mbele kabisa, iko kati ya spika za bluetooth na zile taa za TikTok, na kuna kijana amesimama mlangoni anakuita, kuja uangalie bosi, kuangalia ni bure. Hii niliinunua na pesa yangu, jamaa alianza na elfu saba na nusu akaniapia hiyo ndio bei ya mwisho, nikatoka na yake kwa elfu tano mia tano, kwa hivyo ukienda enda na mdomo. Hakuna kampuni imenitumia.

Nitaanza na mashine halafu tuje kwa kadi, juu kadi ndio iko na maneno mengi.

Mashine enyewe ni safi kwa hii bei. Plastiki, nyepesi, lakini ukiifinya hivi haitoi ile sauti ya kwi kwi. Skrini inchi 3.5, 640 kwa 480, IPS, ukiigeuza kando bado rangi ziko, na juu umbo lake ni lile la TV za zamani, gemu ya PS1, yaani PlayStation ya kwanza, inajaa skrini yote bila mistari nyeusi huku na huku. Ndani kuna chip ya Rockchip, RK3326, na RAM giga moja, hiyo chip tulianza kuiona kwa hizi mashine kitu 2020 hivi, so usikuje hapa ukitaka miujiza. Super Nintendo, Sega, Game Boy zote, PS1, hapo hakuna shida yoyote. Nintendo 64 inategemea gemu, zingine zinaenda zingine zinakatakata mpaka sauti inaanza kulia. PSP ni zile nyepesi tu. Na PS2 sahau, tafadhali msiniandikie tena habari ya GTA San Andreas, mtu wa duka akikuambia inacheza San Andreas mwambie aiwashe hapo hapo ukiona.

Wacha niwaonyeshe kitu, kameraman sogea. Tekken 3, ile gemu ya kupigana. Nimeshika mpiganaji anaitwa Eddy, na najua mtasema Eddy ni wa watu hawajui kucheza, sawa tu, lakini angalia kidole changu hapa kwa mishale. Chini, mbele, teke. Chini, mbele, teke. Umeona imeshika zote? Hizi mishale ziko poa kuliko za konsoli kadhaa nimenunua zikiwa bei karibu hii. Kitu imenikera ni hivi vijiti viwili vya analogi, viko chini sana, ukitumia cha kulia kidole gumba kinajikunja vibaya na baada ya muda mkono unaanza kuuma, kama una mikono mikubwa jipange. Spika ni moja, weka earphone, tundu iko. Bateri mimi napata kitu masaa manne ya PS1 mwangaza ukiwa kati, hiyo ni jam ya Thika Road kwenda na kurudi na bado inabaki.

Mambo mawili kabla niendelee, juu watu wanaharibu hizi vitu halafu wanasema ni feki. Kwanza chaja, usitumie kebo ya C kwa C ya chaja yako ya simu ya nguvu, tumia ile kebo ya kawaida ya USB ya kizamani na kichwa cha kawaida cha volti 5, zingine ukizichomeka na C kwa C hazichaji kabisa, mtu anarudi dukani akipiga kelele imekufa na haijakufa. Pili usiizime kwa kufinyilia kitufe cha nguvu mpaka skrini ikuwe nyeusi, ingia kwa menyu uchague kuzima, hii ni Linux ndani, mfumo unaitwa ArkOS, ukiikata ghafla kadi inaweza kuharibika na hizo sevu zako zote kwaheri.

Sawa, kadi.

Yangu ilikuja na kadi mbili, moja ya mfumo na moja ya gemu, hazina jina la kampuni yoyote, nyeusi tu zimeandikwa 64. Boksi linakuambia gemu elfu kumi na tano. Hebu tuskroli pamoja, angalia, hii gemu ya mpira, hii hapa tena ni ileile ya Japani, hii ni ileile imetafsiriwa na mashabiki kwa Kihispania, hii ni ileile mtu amebadilisha majina ya wachezaji, halafu hii ya tano haifunguki. Ni bale ya mitumba ya Gikomba, juu wamekuwekea kamera, yaani zile nguo za gredi ya kwanza, tano sita safi ndio ufungue moyo, ukichimba chini ni matambara. Wale mmekua na zile TV gemu za kaseti ya njano, imeandikwa gemu 9999 na ndani ni tano zinajirudia, mnajua hii biashara haijaanza jana.

Na hizo zote ni za wizi. Nilimuuliza jamaa wa duka, hizi gemu kuna mtu amelipwa? Akaniangalia akacheka, akasema bosi si imekuja hivyo kutoka China. Na hadanganyi, imekuja hivyo.

Sasa hapa watu wa intaneti huchanganya vitu viwili. Emuleta, yaani ile programu inajifanya PS1, hiyo peke yake sio kosa, Sony walishtaki kampuni inaitwa Connectix huko Marekani juu ya kitu kama hii na mwaka wa 2000 korti ya rufaa ikasema kuchunguza mashine ndio utengeneze emuleta yako ni matumizi ya haki. Gemu ndio shida. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ile KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, wanasimamia, inachukulia programu ya kompyuta kama kazi ya maandishi, na kazi ya maandishi inalindwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 juu yake baada ya kufa, kwa hivyo ile stori ya vijiweni ati gemu ikifikisha miaka 20 ni ya kila mtu, ama ati ukifuta baada ya masaa 24 uko sawa, hizo ni stori. Chenye sheria inakuruhusu, kama programu ni yako kihalali, ni kujitengenezea nakala ya akiba. Nakala yako, ya gemu yako. Haisemi jamaa wa Shenzhen huko China akutengenezee nakala elfu kumi na tano akuuzie ndani ya boksi.

Na unajua kitu inanichekesha? Hata emuleta zenyewe wameiba. Snes9x, ile ya Super Nintendo, laiseni yake inasema wazi ni ya bure, usiitumie kwa biashara. Watu walikaa miaka wakiandika hiyo programu bila mshahara, halafu inapakiwa kwa mashine inauzwa dunia nzima na hawaoni hata shilingi. Tulikua tukisikia wanamuziki wakilia na River Road, kaseti inatoka asubuhi, jioni kopi ziko mitaani, mwenye wimbo anapanda matatu anausikia na hana nauli. Hii ni hiyo hiyo tu, ni vile huyu mwenye anaibiwa anakaa mbali ndio hatumuonei huruma.

Na msidhani hakuna mtu anashikwa. Italia mwaka wa 2025 polisi wa mambo ya fedha, Guardia di Finanza, waliingia kwa nyumba ya jamaa wa YouTube mwenye anafanya kazi hii hii mnaniona nikifanya, kuonyesha watu hizi mashine, wakabeba mashine zaidi ya 30 na simu yake, juu zingine zilikuwa zimekuja na gemu ndani, na sheria wanatumia ni ya 1941, inaweza kukufikisha hadi miaka mitatu jela. Jamaa hakuwa anauza gemu, alikuwa anareviu. Hiyo kwangu ni ujinga wa serikali, unaacha kontena bandarini unafuata mtu na kamera. Lakini pia ndio maana hapo chini hamtapata linki ya duka lolote, na msiniulize inbox.

Sasa upande wa pili, juu najua tayari kuna mtu anaandika ati nimelipwa na Nintendo.

Hawa makampuni makubwa ndio wametengeneza soko la hii kitu. Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, walifanya utafiti 2023, wakapata asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani haziuzwi tena na wenyewe, yaani hata ukiwa na pesa mkononi hakuna kampuni ya kuipea. Nintendo walifunga duka la mtandaoni la mashine zao za zamani, 3DS na Wii U, tarehe 27 Machi 2023, kulikuwa na gemu hapo hazijawahi toka kwa kaseti, zimeenda. Wakaja na mashine mpya, Switch 2, Juni 2025, dola 450, hiyo ukipiga ni kama elfu 58 kabla hata haijapanda meli, na gemu zingine unanunua kikadi ambacho ndani hakuna gemu, kuna ufunguo tu wa kukuruhusu udaunlodi. Siku wamezima seva hicho kikadi utafanyia nini?

Na sisi hapa Nairobi tuko kwa foleni ya nyuma kabisa. Ukifungua akaunti ya PlayStation, Kenya haiko kwa orodha ya nchi, kila mtu mwenye ana PS hapa anasema anaishi Marekani ama South Africa, halafu ananunua vocha ya huko kwa jamaa wa WhatsApp analipa na M-Pesa na kuomba Mungu namba ya vocha ifanye kazi. Yaani ndio nikuwe mteja halali lazima nianze kwa kudanganya naishi wapi. Halafu mtu wa hakimiliki anakuja kunihubiria. Wee.

Kwa hivyo mimi sioni haya kusema hivi, mtu ametafuta gemu ya 1994 yenye hakuna mtu anauza, akaicheza kwa matatu, sijali, na sheria ingefaa iachane naye. Lakini mwenye anachukua hiyo gemu anaiweka kwa boksi na bei, huyo ni mfanyabiashara na biashara yake ni ya jasho la watu. Na Yuzu pia, ile emuleta ya Switch, Nintendo waliposhtaki Februari 2024 na Machi jamaa wakakubali kulipa dola milioni 2.4, mimi sikulia sana, walikuwa wanapokea pesa Patreon, ile tovuti mashabiki wanachanga, na Nintendo wanasema gemu mpya ya Zelda ilikuwa imedaunlodiwa mara zaidi ya milioni moja kabla hata itoke. Gemu iko karibu kuingia dukani, bana. Kujifanya hapo unahifadhi historia ni kuchezea watu akili.

Haya, unafanya nini na hii mashine? Nunua, mimi nimeipenda, lakini hiyo kadi ya gemu mrudishie hapo hapo umwambie apunguze bei. Wangu alikataa, akasema kadi ni ya bure, ni ofa, na dakika mbili mbele alikuwa anapandisha bei akitumia hizo gemu elfu kumi na tano, sijui ni gani. Kadi ya mfumo usitupe kwanza, iweke kwa laptop, kuna faili ndogo inaishia na dtb, ikopi mahali salama, hiyo ndio inajua skrini yako ni ya aina gani, juu hizi mashine zinatoka na skrini tofauti na kopi feki pia ziko, ukiweka mfumo mpya bila hiyo faili unaweza bakia na skrini nyeusi na mwanga wa bateri tu. Halafu tafuta kadi ya jina, ya duka unaloamini, uweke ArkOS upya.

Gemu ndio hizi mimi nacheza: Cave Story, jamaa mmoja wa Japani aliitengeneza peke yake akaitoa bure 2004, na mpaka leo inashinda nusu ya vitu vya dola 70. Halafu kuna kitu inaitwa PortMaster, unaweka faili za gemu ulizonunua kwa kompyuta, nimeweka Stardew Valley, gemu ya ukulima, yangu ya Steam, lile duka la gemu za kompyuta, inachukua muda kufunguka mpaka unadhani imekwama lakini ikishaingia unalima tu vizuri. Wi-Fi haina kwa hivyo unakopi kwa kadi na mkono, ama unachomeka kile kidude cha Wi-Fi kwa tundu la pili la USB, sio lile la kuchaji.

Elfu tano mia tano kwa mashine peke yake, sawa, elfu saba hapana, kwa elfu saba ongeza kidogo utafute kitu ya chip mpya. Wale mliweka ArkOS mkapata skrini nyeusi, niandikieni hapo chini ni paneli, yaani aina ya skrini, namba ngapi mko nayo, nitakusanya nione nani ako na faili ya nani, na kameraman amesema memori imejaa so haya, tuonane.